Wauguzi wa zamu hii wanatosha? Hesabu inayopima upungufu kwa kiwango

Jumamosi saa tatu usiku, katika idara ya dharura ya hospitali ya mkoa, swali zito kuliko mengine si la dawa wala la mashine. Ni la watu: waliopo zamu wanatosha? Ukitazama ratiba, wanatosha. Wauguzi wanne wamo, daktari yumo, mhudumu wa machela yumo. Ukimuuliza muuguzi kiongozi wa zamu, jibu ni jingine, kwa sababu yeye anaona kilichomo ndani ya chumba. Majeruhi wawili wa bodaboda wameingia kwa mpigo. Mjamzito ameletwa na kifafa cha mimba. Mtoto anapumua kwa taabu hadi kifua kinabonyea. Wazee watatu waliandikiwa kulazwa tangu adhuhuri na bado wako palepale, kwa kuwa wodini hakuna kitanda. Muuguzi huyo hatasema kwamba hawatoshi kabisa, maana kazi inakwenda. Hatasema wanatosha, maana yule mtoto ameshasubiri kuliko anavyostahili. Atasema wamezidiwa kidogo, na baada ya nusu saa atasema sasa wamezidiwa sana.

Hiyo ndiyo taarifa sahihi kuliko zote zitakazotolewa hospitalini usiku ule, nayo haiingii popote. Fomu ya zamu ina nafasi ya idadi ya wagonjwa na idadi ya watumishi. Haina nafasi ya "kidogo" wala ya "sana". Asubuhi uongozi unasoma namba mbili, na tathmini ya mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano imekwenda naye nyumbani.

Ipo njia ya hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya maneno ya namna hiyo hasa. Huitwa mantiki ya fazi, na mmoja wa watu walioifanya itumike duniani alizaliwa Tanzania. Nitamfikia. Kwanza tuone vipimo tulivyonavyo vinaachia wapi.

Namba za mwaka, kazi ya saa

Tanzania hupima utoshelevu wa watumishi kwa ikama. Mwongozo wa ikama wa sekta ya afya wa 2014–2019 uliipangia zahanati watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52, na hospitali ya wilaya 200 hadi 337. Namba hizo zina kazi yake kubwa, na sitaki mtu yeyote adhani nazidharau: bila ikama hakuna kibali cha ajira, na bila kibali hakuna mshahara. Lakini ni namba za kituo kizima kwa mwaka mzima. Hazijui kwamba Jumatatu asubuhi haifanani na Jumatano mchana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina njia iliyokwenda mbele zaidi, inayojulikana kwa kifupi chake cha WISN, ambayo mwongozo wake ulirekebishwa mwaka 2010. Hii haihesabu vitanda wala idadi ya watu wa wilaya. Inahesabu kazi yenyewe. Inachukua muda ambao mtumishi aliyefunzwa vizuri anahitaji kwa kila huduma, inauzidisha kwa huduma za mwaka, kisha inagawanya kwa saa ambazo mtumishi anapatikana kweli baada ya kutoa likizo, mafunzo na siku za ugonjwa. Mwisho unapata uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika. Ukiwa 1, watu wanatosha, ukiwa 0.5, nusu yao hawapo. Ni njia ya haki na nchi nyingi za Afrika zimeitumia. Hata hivyo, nayo husema habari za mwaka, wakati idara ya dharura inaishi kwa saa.

Wastani wa mwaka unapotosha, na sababu yake ni ya kihesabu. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Erlang, alianzisha hesabu za foleni mwaka 1909 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Chukua foleni iliyo rahisi kuliko zote: mhudumu mmoja, watu wanaofika bila mpangilio, na muda wa huduma usiotabirika. Mhudumu akishughulika kwa asilimia 50 ya muda wake, anayefika atasubiri kwa wastani muda unaolingana na wa kuhudumia mtu mmoja. Akishughulika kwa asilimia 80, kusubiri kunakuwa mara 4 ya muda huo. Kwa asilimia 90 ni mara 9. Kwa asilimia 95 ni mara 19. Kazi imepanda kutoka 80 hadi 95 tu, ila kusubiri kumekaribia kuongezeka mara tano. Ndiyo maana idara inayoonekana tulivu saa mbili usiku inaweza kuelemewa saa tatu bila tukio lolote kubwa. Na ndiyo maana muuguzi mmoja anayeitwa wakati huo anaokoa muda mwingi kuliko muuguzi yuleyule angeuokoa asubuhi.

Marekani wana kipimo cha msongamano wa idara za dharura kiitwacho NEDOCS, kilichochapishwa mwaka 2004. Alama zake hufika 200, na zikipita 100 idara huhesabiwa kuwa imefurika. Kinauliza idadi ya wagonjwa waliomo, vitanda vya idara na vya hospitali, wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia, wanaongoja kulazwa na wamengoja kwa muda gani. Ni maswali mazuri. Idadi ya wauguzi haimo hata kidogo. Idara mbili zenye wagonjwa sawa, moja ina wauguzi wanane na nyingine watatu, zitapata alama ileile.

Kisha kuna tatizo la mstari mkali. Uingereza iliweka sharti kwamba mgonjwa wa idara ya dharura awe ametibiwa na kuondoka, au amelazwa, ndani ya muda wa saa nne. Hospitali zilitakiwa kufikia asilimia 98 ya wagonjwa, na mwaka 2010 kiwango kikashushwa hadi 95. Sharti hilo lilileta nafuu ya kweli, kwani watu walikuwa wakilala kwenye machela. Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2005 ulionyesha kwamba idadi ya wagonjwa waliotoka idarani ilipanda ghafla katika dakika 20 za mwisho kabla ya muda kutimia. Aliyekaa saa 3 na dakika 59 ni ushindi. Aliyekaa saa 4 na dakika 1 ni kushindwa. Mwili wa mgonjwa haujui tofauti ya dakika hizo mbili. Mfumo ulimfanya mtumishi aulinde mstari, na kila anayeulinda mstari ameondoa macho kwa mgonjwa aliye mbali nao.

Mtu wa Baku na mtu wa Tanganyika

Lotfi Zadeh alizaliwa Baku, Azerbaijan, mwaka 1921, akakulia Tehran, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Mwaka 1965 alichapisha andiko fupi lenye hoja moja kubwa. Hisabati ya kawaida humtaka kila mtu awe ndani ya kundi au nje yake. Makundi tunayoyatumia kila siku hayana ukuta wa aina hiyo: watu warefu, maji ya moto, foleni ndefu. Zadeh akapendekeza kwamba uanachama upimwe kwa namba kati ya 0 na 1. Mtu anaweza kuwa mrefu kwa kiwango cha 0.7, na hesabu ikaendelea bila kumlazimisha awe mrefu au mfupi.

Kwa miaka kadhaa wazo hilo lilibaki karatasini na lilipigwa vita. Profesa William Kahan, aliyefundisha Berkeley hukohuko, alilipinga hadharani. Aliyelitoa maabara likiwa hai ni Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanganyika mwaka 1942, aliyesoma uhandisi India na kuhamia Uingereza mwaka 1966. Akiwa Queen Mary College, London, yeye na mwanafunzi wake Assilian walichukua injini ndogo ya mvuke na kuiendesha kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya mwendeshaji: ikiwa shinikizo limezidi kidogo na linapanda polepole, punguza moto kidogo. Kanuni za aina hiyo, zilizogeuzwa kuwa hesabu, ziliituliza injini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974 na 1975. Baadaye kanuni za fazi ziliendesha tanuri za saruji nchini Denmark, na mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani. Njia ya Mamdani inafundishwa hadi leo katika vyuo vya uhandisi kote duniani. Mamdani alifariki dunia mwaka 2010. Kwao anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana sasa.

Alichokitambua Mamdani ndicho kinachonivuta katika habari ya wauguzi. Ujuzi wa fundi haukosi usahihi kwa kuwa umesemwa kwa maneno. Kinachokosekana ni chombo cha kuupokea.

Hesabu yenyewe

Hebu tuifanye mbele ya msomaji, kwa mistari niliyoichagua kwa ajili ya mfano tu. Tupime mambo mawili: wagonjwa wangapi kwa muuguzi mmoja, na ni asilimia ngapi ya wagonjwa hao wana hali nzito. Kwa hali nzito tutumie rangi za mfumo wa Afrika Kusini wa kupanga wagonjwa, ulioanzishwa Cape mwaka 2004. Nyekundu ahudumiwe papo hapo, ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Wa nyekundu na wa chungwa ndio wazito wetu.

Tuseme wagonjwa 4 kwa muuguzi ni mzigo wa wastani kamili, na 8 ni mzigo mkubwa kamili. Kati ya hapo, kila mgonjwa anayeongezeka anapunguza "wastani" na kuongeza "mkubwa" kwa robo. Muuguzi mwenye wagonjwa 6 anakuwa na mzigo wa wastani kwa 0.5 na mkubwa kwa 0.5. Vivyo hivyo, wagonjwa wazito wakiwa asilimia 10 tunasema ni wachache kabisa, wakifika 30 ni wengi kabisa. Usiku wetu wazito ni asilimia 25: ni wachache kwa 0.25, ni wengi kwa 0.75.

Sasa zinakuja kanuni, ambazo zinatoka kinywani mwa wauguzi. Mzigo wa wastani na wazito wachache: watumishi wanatosha. Mzigo wa wastani na wazito wengi: wamepungua kidogo. Mzigo mkubwa na wazito wachache: wamepungua kidogo. Mzigo mkubwa na wazito wengi: wamepungua sana. Kila kanuni inapata nguvu ya sharti lake lililo dhaifu zaidi. Ya kwanza inapata 0.25, ya pili 0.5, ya tatu 0.25, ya nne 0.5. Kanuni mbili za "kidogo" zinaachia ile yenye nguvu zaidi, yaani 0.5. Tukiipa "wanatosha" alama 0, "kidogo" alama 50 na "sana" alama 100, kisha tukatafuta wastani kwa kufuata nguvu hizo, tunapata 60. Mamdani mwenyewe alitumia maumbo badala ya alama tupu, lakini mwendo ni huohuo.

Aongezeke mgonjwa mmoja kwa kila muuguzi, wawe 7, wazito wakibaki asilimia 25. Rudia hesabu na jibu ni 70. Wapungue hadi 5, jibu ni 50. Hakuna mahali ambapo idara inalala ikiwa salama na kuamka ikiwa hatarini kwa sababu ya mtu mmoja. Linganisha na waraka unaosema mwisho ni wagonjwa 6: hapo 6 ni sawa, 7 ni upungufu, na 12 nayo ni upungufu uleule.

Jambo moja lazima lieleweke. Kiwango cha 0.75 hakina maana ya uwezekano wa asilimia 75. Hatubahatishi kama wagonjwa wazito ni wengi. Tunajua ni asilimia 25. Tunapima ni kwa kadiri gani asilimia hiyo inastahili kuitwa nyingi, katika idara hii, kwa watu hawa.

Nani achore mistari?

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na hapa ndipo njia hii inaweza kuharibiwa. Anayechagua kwamba 8 ndio mzigo mkubwa kamili ameshika mamlaka. Meneja akisogeza namba hiyo hadi 14, upungufu wote wa hospitali unafutika kwenye karatasi na hakuna muuguzi hata mmoja aliyeajiriwa. Kwa hiyo mistari ichorwe na wanaofanya kazi hiyo. Waulizwe wauguzi wazoefu ishirini, kila mmoja kwa faragha: kuanzia wagonjwa wangapi unaanza kukosa muda wa kupima tena mgonjwa uliyempima? Majibu hayatafanana, na tofauti zao ndizo zinazoupa mstari mteremko wake. Kisha mistari iwekwe wazi, na isibadilishwe bila maelezo ya maandishi.

Wauguzi hao wataongeza mambo ambayo mhandisi hayajui. La kwanza ni wagonjwa waliolazwa bila kitanda. Mtu aliyeandikiwa wodi akabaki idarani anahitaji dawa zake za saa sita, kugeuzwa, kulishwa, kupimwa mkojo. Muuguzi wa dharura anakuwa muuguzi wa wodi bila kuacha kuwa wa dharura. Idara yenye wagonjwa 20 ambao 8 kati yao wanangoja wodi ina uzito tofauti kabisa na idara yenye 20 wapya, na mara nyingi dawa yake si kuongeza muuguzi bali kufungua wodi. La pili ni uzoefu. Wauguzi wanne ambao watatu wako katika mwezi wao wa kwanza si wanne. Kila muuguzi mfawidhi anajua hivyo anapopanga ratiba, na hakuna fomu inayomruhusu kuliandika.

Tamaa ya kuingiza kila kitu lazima izuiwe. Mambo matano yenye ngazi tatu kila moja yanazaa kanuni 243, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekaa kuzihakiki. Mambo matatu yanazaa kanuni 27, ambazo wauguzi wanaweza kuzisoma mchana mmoja na kubishana juu yake. Afadhali kipimo kidogo kinachoeleweka.

Nacho kijaribiwe kwa matukio. Usiku uliopata alama 80 ulinganishwe na uliopata 30: wagonjwa wangapi walipitisha muda wa rangi yao, wangapi waliondoka bila kuonwa, dozi ngapi zilichelewa, wangapi walifariki ndani ya saa 24. Kama tofauti haionekani, mistari imechorwa vibaya na ichorwe upya. Kipimo kisichokubali kukosolewa na matokeo hakifai hospitalini.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoichukulia kwa uzito. California ilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, inayosema muuguzi wa idara ya dharura asizidi wagonjwa 4, kwa wagonjwa mahututi asizidi 2, na kwa majeruhi mahututi awe 1 kwa 1. Huo ni mstari mkali, na ukali wake ndio nguvu yake. Muuguzi anaweza kuupeleka mbele ya mkaguzi. Alama ya 60 haiwezi kusimama mahakamani. Hukumu yangu ni kwamba vyote viwili vinahitajika, kila kimoja mahali pake: sakafu ya kisheria isiyojadiliwa, na juu ya sakafu hiyo kipimo cha viwango kinachosema usiku huu tuko wapi na nani aitwe. Atakayetumia mantiki ya fazi ili kuiondoa sakafu amewadhulumu wagonjwa.

Na alama isiyofuatwa na hatua ni mapambo. Lazima iandikwe mapema: ikipita 50, muuguzi wa akiba anapigiwa simu, ikipita 70, wodi zinachukua wanaongoja, na mganga mfawidhi anaamshwa. Hesabu hii haizai muuguzi. Inachoweza kuzaa ni ushahidi. Katibu wa afya anayekwenda kuomba kibali cha ajira akiwa na grafu ya usiku wote wa robo mwaka, saa kwa saa, anasikilizwa tofauti na yule anayesema tu kwamba watumishi ni wachache.

Tanzania ina mahali pa kuanzia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura Januari 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Leo wapo wataalamu waliosomea kazi hii nyumbani. Wapo pia wahandisi wanaofundishwa njia ya Mamdani darasani kila mwaka. Makundi haya mawili yakutanishwe, pamoja na wauguzi wa zamu, katika hospitali moja ya mkoa kwa miezi mitatu. Gharama yake ni kompyuta moja yenye programu ya kawaida ya majedwali na muda wa watu. Waganga wafawidhi na makatibu wa afya, anzeni kwa kuongeza safu moja tu kwenye fomu ya zamu, muuguzi kiongozi aandike kila baada ya saa mbili kama wametosha, wamepungua kidogo au wamepungua sana. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote.